Frieren, Steins;Gate na wenzao: niliyoyatazama na kuyacheza karibuni

Tangu nimalize msimu wa kwanza wa Frieren: Beyond Journey's End, kila anime nyingine (filamu ya katuni ya Kijapani) ninayoifungua naiona ina haraka. Ni vipande 28 vilivyotengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Keiichirō Saitō, kutoka katika kitabu cha katuni cha mwandishi Kanehito Yamada na mchoraji Tsukasa Abe. Sikumbuki hadithi nyingine ya mazimwi na wachawi iliyonishika hivi huku ikiwa na mapigano machache kiasi hiki.

Inaanzia pale ambapo nyingine huishia. Mfalme wa Mapepo ameshauawa, safari ya miaka 10 imekwisha, na wanne waliofanya kazi hiyo wanarudi mjini kupokelewa kwa shangwe: Himmel aliyekuwa kiongozi, Heiter kasisi asiyeachana na chupa, Eisen mbilikimo mwenye shoka, na Frieren mchawi. Frieren ni elfi, kiumbe aliyekwisha kuishi zaidi ya miaka 1,000. Kwake miaka 10 si kitu. Anawaaga wenzake, anawaahidi watatazama pamoja mvua ya vimondo ya miaka 50 ijayo, kisha anakwenda zake kutafuta vitabu vya uchawi. Anaporudi, Himmel ni mzee kipara mwenye ndevu nyeupe. Mdogo wangu aliyekuwa ameketi pembeni akaniuliza, "Kaka, huyu babu ndiye yule kijana wa nywele za bluu?" Ndiye. Baada ya muda mfupi anafariki, na mazikoni waombolezaji wananong'ona kwamba yule mchawi hana hata sura ya huzuni. Hapo ndipo Frieren anapolia, kwa sababu alijua wanadamu hawaishi sana na bado hakujishughulisha kumjua mtu aliyetembea naye muongo mzima.

Hayo yote ni kipande cha kwanza tu, kwa hiyo sijamwaga uhondo. Kinachofuata ni safari ya pili kwenye njia ileile, akiwa na Fern, binti yatima aliyelelewa na Heiter, na Stark, mwanafunzi wa Eisen. Mara kwa mara maandishi yanatokea kwenye skrini: miaka 27 baada ya kifo cha Himmel, miaka 28, miaka 29. Kalenda nzima ya hadithi inahesabiwa kutoka msiba mmoja. Kwetu pia watu huhesabu hivyo, arobaini kwanza, halafu mwaka, halafu miaka mingi baadaye mtu anasema "ilikuwa kabla bibi hajafariki" na kila mtu anajua ni lini. Labda ndiyo maana ile mbinu ndogo ilinigusa kuliko vita vyovyote.

Kipande cha tatu ndicho ninachowaonyesha watu wasioamini kwamba hii anime ina akili. Kuna pepo aitwaye Qual aliyefungwa miaka 80 iliyopita kwa sababu alibuni uchawi wa kuua ambao hakuna ngao wala vazi la vita lililoweza kuuzuia. Frieren anarudi kummaliza. Qual anafunguka, anarusha uchawi wake, na Fern, msichana tu, anauzuia. Katika ile miaka 80 wanadamu waliuchambua ule uchawi, wakatengeneza kinga, wakaufundisha kila mahali hadi ukawa somo la kawaida la uchawi wa mashambulizi. Silaha iliyowatisha mababu sasa inafundishwa kwa wanaoanza. Hakuna hotuba ndefu ya kueleza hili. Unaliona tu kwenye uso wa Qual.

Ushauri wangu kwa anayeanza: tazama vipande vinne vya mwanzo kwa mkupuo. Televisheni ya Nippon TV ilivirusha hivyohivyo tarehe 29 Septemba 2023, saa mbili mfululizo, katika nafasi ambayo kwa kawaida ni ya filamu, na vimejengwa kubeba uzito huo. Muziki ni wa Evan Call, Mmarekani anayefanya kazi Japani, na anajua kunyamaza. Kuna mahali ambapo upepo na nyayo ndizo zinazosikika peke yake.

Sikupenda kila kitu. Sehemu ya mwisho ya msimu, ile ya mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, inaleta watahiniwa wengi kwa mara moja na wengine nilikuwa nawatofautisha kwa nywele tu. Ni nzuri, mapigano yake yamechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini ile pumzi ya safari inapungua. Ningependa watu watatu barabarani kuliko umati ndani ya shimo.

Kutoka hapo nikaenda Steins;Gate, na si anime yake, ambayo nilikuwa nimeshaitazama, bali mchezo wenyewe uliotoka Japani mwaka 2009, kazi ya kampuni ya 5pb. pamoja na ya Nitroplus. Kwa ambaye hajawahi kugusa michezo ya aina hii, ambayo mashabiki huiita visual novel: hakuna kukimbia wala kurusha risasi. Unaona mandhari, mhusika amesimama mbele yako, muziki unapiga chinichini, na maneno yanatokea sentensi moja baada ya nyingine. Unabofya, inakuja inayofuata. Ni riwaya yenye sura na sauti, na mara nyingine hatima yake inategemea unachochagua.

Tuko Akihabara, Tokyo, mwaka 2010. Okabe Rintarō, mwanafunzi wa chuo anayejiita mwanasayansi kichaa, amepanga chumba juu ya duka la televisheni za kichogo na kukiita maabara. Yeye na wenzake wanagundua kwa bahati kwamba maikrowevu yao iliyounganishwa na simu inaweza kutuma ujumbe mfupi kwenda wakati uliopita. Ujumbe wenyewe ni baiti 36 tu, maneno machache mno, kwa hiyo lazima ufikirie vizuri unamwambia nini mtu wa jana. Kila mmoja ana jambo analotamani lingekuwa vingine. Wanatuma. Dunia inabadilika, na Okabe peke yake ndiye anayekumbuka ilivyokuwa.

Anime ya studio ya White Fox ya mwaka 2011 ni nzuri sana na siipunguzii heshima. Lakini kuna kitu ambacho isingeweza kukifanya. Katika mchezo, simu ya Okabe ni yako. Ujumbe ukiingia, wewe ndiye unayeitoa, unayeusoma, unayechagua neno gani ndani yake utalijibu, au unayeirudisha mfukoni kimya. Kwa saa nyingi hili linaonekana pambo tu. Halafu inafika nusu ya pili, ambapo Okabe lazima afute ujumbe mmoja mmoja ili kumwokoa rafiki yake Mayuri. Kama hujui kinachoendelea na ungependa kukikuta mwenyewe, ruka aya inayofuata.

Mmoja wa wasichana walio karibu na Okabe, Faris, alikuwa ametumia ujumbe wake kumzuia baba yake asife. Yule baba sasa yuko hai, amekunywa chai nawe, amekueleza mambo. Kuufuta ujumbe ni kumrudisha kaburini. Katika anime, Okabe anaumia, wewe unamwonea huruma, na kipande kinaendelea chenyewe. Katika mchezo, hakuna kinachoendelea chenyewe. Unaweza hata kukataa, na mchezo utakukubalia: utakupa mwisho wake, dunia ambayo baba amebaki na vingine vyote vimepotea. Nilikaa muda mrefu na kidole juu ya kitufe. Hakuna saa inayokuhesabia, hakuna anayekuharakisha, na hilo ndilo linaloumiza, kwa sababu muda wote ule wa kusita ni wako.

Kasoro zipo na nazitaja kwa sababu naupenda. Saa za mwanzo ni nzito, mazungumzo mengi ya fizikia na vichekesho vya mtandaoni vya Kijapani vya miaka ile. Utani wa Daru, mwenzake Okabe wa maabara, kwa wasichana unachosha mapema, na jinsi Ruka, rafiki yao mwingine, anavyotaniwa kuhusu mwili wake haikunifurahisha kabisa. Na ule mwisho wa kweli umefichwa vibaya: unategemea majibu fulani hasa unayompa Kurisu, msichana mwanasayansi wa maabara ile, kwenye simu, mengine mapema mno, kabla hujajua kwamba yana maana. Maliza mwisho mmoja kwa njia yako, kisha tafuta mwongozo bila aibu. Sauti ya Mamoru Miyano, anayemwigiza Okabe, inatosha kukuvusha sehemu zote ngumu. Kile kicheko chake cha majigambo mwanzoni, na jinsi kinavyokuja kupasuka baadaye, ni uigizaji wa hali ya juu.

Jukki Hanada, aliyesimamia uandishi wa anime ya Steins;Gate, ndiye pia aliyeandika A Place Further than the Universe, anime ya vipande 13 ya mwaka 2018. Nilipolijua hilo niliitafuta mara moja. Wasichana wanne wa umri wa sekondari wanakwenda Antaktika, mmoja wao, Shirase, kwa sababu mama yake alipotelea huko miaka mitatu kabla. Vichekesho vyake ni vya kelele kidogo kwa ladha yangu. Lakini kipande cha 12, pale Shirase anapoiwasha laptopu ya mama yake na barua pepe zinaanza kuingia, zile alizokuwa akimwandikia muda wote bila kujibiwa, mia, kisha zaidi ya elfu, namba inapanda na hakuna anayeongea... Nilisimamisha. Sijasimamisha anime kwa sababu hiyo siku nyingi.

Sasa mchezo wa Planetarian. Kama kompyuta yako ni ya zamani na bando lako ni la kubana, anza na huu. Ulitolewa na kampuni ya Key mwaka 2004, ukaandikwa na Yuichi Suzumoto, na tangu 2014 unapatikana kwa Kiingereza kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni. Unausoma kwa siku moja ukitulia. Hauna chaguo hata moja, ni kubofya tu mpaka mwisho. Vita vimeharibu dunia, mvua chafu inanyesha bila kukoma, na mji umeachwa mtupu kwa miaka 30. Mwanamume anayeishi kwa kuokota mabaki anakimbilia ndani ya jengo la maduka, na juu kabisa anakuta ukumbi wa kuonyeshea nyota. Mlangoni kuna roboti mwenye sura ya msichana, Yumemi Hoshino, anayemkaribisha kama mteja. Amekuwa akingoja wateja muda wote huo. Wafanyakazi wenzake walimwambia watarudi, na yeye anawasubiri.

Yumemi anaongea sana. Yule mwanamume anachoka naye, na msomaji pia anachoka, na nadhani imekusudiwa. Huwezi kumkatisha, kila sentensi yake lazima uibofye, adabu zake zote za mapokezi, maua yake, samahani zake. Kufikia mtambo wa nyota unapotengenezwa na onyesho kuanza, umeshamzoea mtu ambaye ungemkwepa. Halafu umeme unakatika katikati ya onyesho. Sisi tunaokulia na umeme wa kukatika tunaijua ile sekunde ya kwanza, kila mtu kimya akisubiri aone kama utarudi. Hapa haurudi. Yule mwanamume, ambaye mwanzoni hakutaka hata kukaa kitini, anamwomba aendelee kwa maneno peke yake. Na anaendelea. Ipo anime yake ya mwaka 2016 kutoka studio ya David Production, vipande vitano vifupi, imechorwa vizuri na inafaa kwa asiyependa kusoma. Ila ndani yake Yumemi anaongea na wewe unasikiliza. Ule mzigo wa kumvumilia sentensi kwa sentensi haupo, na bila huo ombi la yule mwanamume gizani linapungua uzito.

Wa mwisho ni The House in Fata Morgana, wa kikundi kidogo cha Novectacle, uliotoka Japani 2012 na kwa Kiingereza 2016. Usitegemee macho makubwa na sare za shule. Michoro ya Moyataro ni ya giza, mistari mirefu, karibu na michoro ya makanisa ya kale. Unaamka ndani ya jumba la kifahari bila kumbukumbu, na mtumishi wa kike anakushika mkono kukupitisha milango, kila mlango enzi yake: 1603, 1707, 1869. Kila enzi yuko msichana mwenye nywele nyeupe, na kila enzi inaishia pabaya. Muziki wake una nyimbo za kuimbwa hata mahali ambapo watu wanazungumza tu, na mwanzoni inakusumbua, baadaye huwezi kuyasoma maneno yale bila hizo sauti.

Ni mrefu, mzito, na una ukatili ambao siwezi kumpendekezea kila mtu, hasa mlango wa pili. Kiingereza chake pia si chepesi, nilikuwa na kamusi karibu. Bora kwangu ni mlango wa tatu, wa Jacopo, mwekezaji wa reli anayefanya kazi usiku na mchana huku mkewe yuko peke yake ndani ya jumba. Wanapendana. Maneno wanayotumiana hayafiki, kuna anayehakikisha hayafiki, na wewe unaendelea kubofya huku ukijua kwamba kuongea ana kwa ana mara moja tu kungemaliza kila kitu. Hasira niliyokuwa nayo kwa Jacopo ilikuwa ya kweli kabisa. Anayeucheza asiache kabla ya mlango wa nne, kwa sababu kuanzia hapo mchezo unarudi kuyakagua yote uliyodhani umeyaelewa, na hukumu yangu kwa karibu kila mhusika ilibadilika.