Tulifuata simba Pugu, tukaishia kwa bundi

Niseme mapema: kama watoto wako umewaahidi simba, usiwapeleke hapa. Mimi ndipo nilipoteleza. Dada yangu aliniachia wanawe wawili likizo ya Juni, mmoja wa darasa la nne, mwingine wa chekechea. Baada ya siku tatu za kugombea rimoti nikajikuta nimetamka neno "wanyama", wao wakasikia "simba". Jina la bustani silitaji kwa sababu nina malalamiko yangu humu na sitaki kumharibia mtu riziki. Ni upande wa Pugu, pembezoni mwa Dar, ina wanyama waliookolewa na njia za kutembea msituni. Wanaoijua wameshaijua.

Kutoka Kigogo tulipanda daladala mbili, halafu bajaji. Tulifika saa nne kasoro, jua bado lina adabu. Getini kuna bango: mkubwa 5,000, mtoto 2,000. Safi. Natoa hela, dirishani naambiwa muongozaji ni 10,000 nyingine kwa kundi, na bango halisemi chochote kuhusu hilo. Nikauliza kama lazima. "Si lazima kaka, ila utajuta." Nikalipa shingo upande, nimenuna kabisa.

Hiyo elfu kumi ndiyo hela iliyofanya kazi kuliko zote nilizotoa siku ile. Bila yule dada muongozaji, ungeona mabanda ya waya na wanyama wamelala, nusu saa umemaliza. Alianza kwa kutuambia kwamba pale hawanunui mnyama. Wengine wamenyang'anywa kwa watu waliowafuga bila kibali, wengine wameokotwa barabarani wamevunjika. Anayepona akaweza kujitegemea anarudishwa porini, na huyo, mgeni haonyeshwi kabisa, asije akazoea watu. Kwa hiyo unaowaona ni wale ambao kurudi imeshindikana.

Wa kwanza alikuwa kobe, mkubwa kama beseni la kufulia. Mpwa wangu mdogo akamwonyesha mjomba wake kitundu kwenye ukingo wa gamba, upande wa nyuma. Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe kuna mtu alilitoboa apitishe kamba, akamfunga kwenye mwembe uani kwake. Gamba la kobe ni mfupa wenye ngozi ngumu juu yake, na lina hisia. Kulitoboa ni sawa na mtu akutoboe ubavu. Kitundu kimelainika pembeni kwa sababu kamba ilikaa humo miaka. Tunasema kobe akiinama anatunga sheria. Huyu aliinama akawa anatafuna tu majani ya mchicha, hana habari na sisi.

Tumbili naye ana mstari usioota manyoya kuzunguka kiuno, alama ya mnyororo. Alilelewa peke yake kwenye banda la baa, akinyweshwa soda mpaka meno yakaoza. Ukisimama karibu anapenyeza mkono kwenye waya akupekue mfukoni. Watoto walicheka sana, mpaka dada alipoeleza kwamba wamejaribu mara mbili kumchanganya na wenzake, hajui hata kuchambuana manyoya, na kwa tumbili hiyo ndiyo salamu. Akatukumbusha pia kwamba kwa sheria ya 2009 wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu, kwa hiyo tumbili aliyekukuta kwenye mpapai wako hajawa wako. Mpwa wa darasa la nne akauliza, "Na mapapai aliyokula?" Hakujibiwa.

Komba tulimkuta kwenye boksi lake amejikunja, ni mnyama wa usiku. Lilitoka jicho moja, kubwa, la kahawia, likatutazama kama mtu aliyeamshwa kupokea mchango wa harusi. Msemo wa "amelewa kama komba" nimeusikia tangu utoto. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba komba kweli hupanda mnazi unaogemwa, akanywa tembo, ile pombe ya mnazi, kwenye kibuyu.

Sasa bundi. Hapa nilitaka kupita haraka, sifichi. Marehemu bibi yangu alimwita babewatoto, na akilia juu ya bati tulikuwa tunachomewa chumvi jikoni. Huyu alipigwa mawe na vijana kwa sababu hiyo hiyo ya uchuro, bawa likavunjika na halikuunga sawasawa. Sura nyeupe mfano wa moyo, macho meusi, anageuza shingo mpaka unahisi inakukazia wewe. Dada akaokota chini ya kitagaa chake donge jeusi, refu kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, akishamaliza kumeng'enya nyama hutapika manyoya na mifupa. Akalifumua pale kwenye kiganja kwa kijiti. Fuvu dogo la panya, na meno yake ya mbele ya rangi ya chungwa bado yapo. Kisha mataya mawili. Kisha fuvu la pili. "Usiku mmoja huo," akasema. Simba alisahaulika hapo.

Kakakuona hawana, na wanaeleza kwa nini: anakula sisimizi na mchwa tu, ukimfungia anakufa, kwa hiyo akiletwa wanamrudisha msituni haraka.

Njia za kutembea ziko mbili. Sisi tulikwenda ile fupi, kama saa moja kwa mwendo wa chekechea. Msitu wa ukanda wa Pwani si wa kutisha, miti imekaa kivuli kizuri, unasikia hondohondo kabla hujawaona. Penye kijito chembamba muongozaji alisimama akasema maji ya vilima hivi ndiyo yanayoanzisha Msimbazi. Nikakitazama, napita na viatu bila kulowa. Mimi mkazi wa Kigogo, mto huo umeshaniingilia mpaka kitandani. Alituonyesha pia shimo la tanuri la mkaa la zamani, udongo bado mweusi. Mti ukikatwa huku mvua haina wa kuishika, inashuka kwetu yote.

Ila njia haijafyekwa. Mwisho wa Juni upupu umekauka, na mpwa mdogo alikuwa na kaptula. Kilio chake nadhani kilisikika Kisarawe. Mlinzi alikimbia kuchukua jivu kwa mama lishe wa nje, wakampaka miguu yote, ikapoa baada ya muda. Pale wangeweka kibao tu, "vaa suruali", ingetosha. Msaada ulikuwa wa haraka, nawapongeza, lakini mtu anayelipia njia asikutane na upupu.

Vyoo vina mabomba, maji hayatoki. Chipsi za ndani ni ghali na zimepoa. Wali maharage kwa yule yule mama lishe ni buku mbili na wa moto. Kunguru weusi wa Dar wamejaa, wanaiba chakula mezani ukigeuka tu. Nendeni asubuhi, komba kwa vyovyote amelala, lakini wengine bado wana nguvu. Na lipieni muongozaji, hata kama bango halijamtaja. Mimi nitarudi Agosti kwa ile njia ndefu, nikiwa na suruali na bila chekechea.

Jambo moja sikuliangalia. Yale mataya ya panya, muongozaji alimpa mpwa wangu mkubwa kama zawadi. Jumatatu usiku dada yangu alipiga simu, alikuwa anafua, ameyakuta mfukoni yamefungwa kwenye tishu. Anataka kujua wanawe niliwapeleka bustanini au kwa mganga.