Printa ya wino kwa picha za nyumbani: nimepima kwa mizani, wino mwingi haufiki hata kwenye karatasi

Wakuu, hii sio rivyuu ya ubora wa picha. Ubora upo, printa za wino za siku hizi zinarusha vitone vya pikolita chache tu, macho hayavioni, ukiweka karatasi nzuri ya glosi mtu anashika picha anauliza umesafishia studio gani. Mi nataka niongelee hela, kwasababu nimekuwa na printa mbili sasa, ya kwanza ya katriji nimekaa nayo miaka miwili na kidogo, ya pili ya tanki, ile unayomiminia wino wa chupa, nina miezi tisa nayo, na kitu kilichonishangaza sio kwamba wino ni ghali, hilo kila mtu analijua, ni kwamba wino niliokuwa nalipia sikuwa nauona.

Ile ya kwanza niliinunua kwasababu ilikuwa rahisi. Rahisi kweli, nikajiuliza hawa wanapata faida wapi. Nilikuja kujua siku nimeenda kununua seti ya kwanza ya katriji, bei yake ilikaribia nusu ya bei ya printa nzima, na zile zilizokuja na printa kwenye boksi ziliisha haraka ajabu maana sehemu ya wino wake hutumika kujaza mirija na kichwa (kile kinachorusha wino kwenye karatasi) siku unawasha mara ya kwanza. Nikasoma maandishi madogo kwenye boksi la katriji mpya: mililita 4. Kila rangi mililita 4. Kijiko kimoja cha chai kinabeba 5, kwahiyo nilikuwa nanunua pungufu ya kijiko cha chai kimefungwa kwenye plastiki yenye chipu.

Alafu kuna ile namba ya kurasa kwenye boksi, utaona wameandika kurasa mia mbili na kitu, ukadhani utapata picha mia mbili. Hapana. Hiyo namba inatoka kwenye kipimo kinaitwa ISO/IEC 24711, wanaprinti kurasa tano zile zile za majaribio kwa kurudia rudia mpaka wino uishe, na kurasa zenyewe ni maandishi, michoro na vipicha vidogo, sehemu kubwa ya karatasi imebaki nyeupe. Picha haina sehemu nyeupe bwana. Anga lina wino, ukuta una wino, ngozi ya mtu ina wino kila mahali. Kipimo cha picha kipo cha peke yake, ISO/IEC 29102, kinahesabu picha za sentimita 10 kwa 15, ila hiyo namba mara nyingi ukiitaka lazima uitafute mwenyewe, haikai mbele ya boksi kwa maandishi makubwa.

Sasa nije kwenye mizani. Nina kamizani kadogo kanapima mpaka sehemu ya kumi ya gramu, siku moja nimekasirika rangi ya magenta, ile ya waridi iliyokolea, imeisha tena nikasema ngoja leo nipime. Nikachomoa katriji zote nne mpya nikapima moja moja nikaandika, nikarudisha, nikaprinti picha 20 za 10 kwa 15 kwa siku mbili, nikapima tena. Zimepungua gramu 4 jumla, sawa na kama mililita 4 maana wino ni maji maji tu uzito haupishani sana. Kwahiyo picha moja inakula kama mililita 0.2, rangi zote kwa pamoja. Nikafurahi, nikapiga hesabu, nne mara nne 16, gawa kwa 0.2, hiyo ni picha 80 kwa seti. Sio mbaya.

Nikaiacha wiki tatu sijaprinti kitu, kazi zilikuwa nyingi. Nikarudi nikapima kabla ya kuwasha, nikawasha, ikaanza zile sauti zake za kukwaruza dakika nzima, nikaprinti ile karatasi ya kupima nozo, yaani vitundu vya kurushia wino, magenta ina mapengo, nikaamuru isafishe kichwa, bado pengo moja, nikasafisha tena, ikakaa sawa. Nikapima. Gramu 3 zimeondoka na sijaprinti hata picha moja! Yaani picha 15 zimemwagwa tu. (Sio hesabu ya maabara hii, maana hata kuchomoa na kurudisha katriji kwenye baadhi ya printa kunaifanya ivute wino upya, lakini mwelekeo umeuona.) Ile seti niliishia kupata picha 43. Sio 80. Karibu nusu ya wino haikugusa karatasi.

Zamani tulikuwa tunasema kusafisha picha, ukimaanisha upeleke filamu wakutolee picha. Sa hivi picha zangu hazisafishwi, kinachosafishwa ni kichwa cha printa, na kinasafishwa kwa hela yangu.

Unaenda wapi huo wino? Nilikuja kujua vizuri siku printa ilipogoma kabisa. Taa zinawaka kwa zamu, ujumbe unasema sponji ya wino taka imefika mwisho wa matumizi, peleka kwa fundi. Jina la kampuni silitaji. Nikawapigia wakaniambia gharama ya matengenezo ambayo ukiongeza kidogo unanunua printa mpya, na yule dada wa kwenye simu nae alinishauri hivyo hivyo, ninunue nyingine. Nikasema kabla sijaitupa ngoja niifungue. Nyuma kule chini kuna kijitrei kimejaa vipande vya sponji, vyeusi tii, vimelowa, ukibonyeza kwa kidole inatoka rangi ya zambarau iliyoiva inayodumu kwenye kucha siku nne. Nilikaa nikaangalia kile kitrei muda mrefu kidogo. Miaka miwili ya katriji ilikuwa imekaa pale chini.

Na printa yenyewe haipimi kama sponji imejaa kweli au la, inahesabu tu, kila ikisafisha inaongeza namba, namba ikifika kikomo inafunga kazi. Kwahiyo kitu cha kwanza siku hizi ninachoangalia kwenye printa yoyote ni kama hilo boksi la wino taka unaweza kulibadilisha mwenyewe. Modeli nyingine zina kiboksi unachomoa nyuma unaweka kipya dakika moja, nyingine mpaka fundi. Hii muuzaji hakwambii, muulize.

Kuna mambo mengine yalikuwa yanakula wino bila mi kujua nayasema haraka haraka. Kuprinti bila pambizo, ile picha inafika mpaka ukingoni, printa inarusha wino mpaka nje ya karatasi ili isiache mstari mweupe, na huo wa nje nao unaenda kwenye sponji. Picha nyeusi na nyeupe inatumia wino wa rangi pia, usidhani unaokoa. Kwa printa zenye ile katriji ya rangi tatu ndani ya kasha moja, ikiisha njano peke yake unatupa na sayani (ile bluu) na magenta vilivyobaki. Na kuzima printa kwenye soketi ukutani badala ya kitufe chake, hili nilikuwa nalifanya kila siku nikijiona nabana umeme, kumbe kitufe ndo kinarudisha kichwa kwenye kifuniko chake kisikauke, ukikata umeme ghafla kichwa kinabaki wazi kinakauka, kesho yake usafi tena.

Wino wa bei rahisi nilijaribu, siwezi kusema sikujaribu. Seti ya katriji za kampuni nyingine, bei chini sana. Kwa maandishi safi kabisa. Kwa picha, kijivu kikawa na uzambarau fulani hivi, ngozi za watu zikawa kama wana homa ya manjano, na picha moja niliyoibandika ukutani karibu na dirisha baada ya miezi kama mitano ilikuwa imepauka kuliko ya pembeni yake niliyoprinti na wino orijino muda ule ule. Alafu siku printa ilipojisasisha programu yake ya ndani ikazikataa zile chipu, katriji zikiwa nusu zimejaa. Sijui nilitegemea nini. Kuna wino mbadala mzuri, watu wanaotumia wanajitengenezea profaili ya rangi kabisa, yaani faili la kurekebisha rangi ziendane na wino huo, ila hiyo ni kazi na mi sio mtu wa kazi hiyo.

Basi nikahamia kwenye tanki. Hizi printa Epson ndo walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, kule watu walikuwa wanafunga matanki yao wenyewe pembeni ya printa na mirija inaning'inia, kampuni ikaona bora iuze yenyewe, baadae Canon, HP na Brother nao wakaja na zao. Kwenye kununua inauma, niseme ukweli, bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Ila chupa moja ya rangi ina mililita 70 na bei yake haijapishana sana na ile katriji ya mililita 4. Soma tena hiyo. Chupa moja ni katriji 17 na chenji.

Miezi tisa nimeprinti picha 380, nina daftari, na magenta, ambayo ndo inayotangulia kupungua kwangu, iko nusu hivi, na hapo chupa za kwanza zilitumika sehemu kujaza mirija. Kusafisha bado inasafisha, tena sana, na inaposafisha inatoa wino sio mchezo, ila sasa hainiumi kwasababu mililita yenyewe imekuwa ya bei ya kawaida. Ugomvi wangu na wino umeisha.

Ugomvi mpya umeanza na karatasi. Hapa ndo sikutegemea. Kwenye printa ya tanki karatasi ya picha inakuwa ghali kuliko wino uliomwaga juu yake, mbali sana, kwahiyo kila picha ukiiharibu unachotupa ni karatasi. Na nimeharibu 61 kwenye hiyo miezi tisa, zipo kwenye daftari hilo hilo. Nyingi kosa ni moja: skrini yangu ilikuwa na mwanga mkali mno, picha inaonekana nzuri kwenye kompyuta, ikitoka ina giza, naiongezea mwanga kidogo, naprinti tena, bado giza, tena. Nilipopunguza mwanga wa skrini mpaka karatasi nyeupe na skrini nyeupe vikafanana macho yakiangalia pembeni kwa pembeni, makosa yalipungua ghafla. Bure kabisa, hakuna cha kununua. Nyingine niliweka karatasi upande sio, wino ukabaki juu unateleza kama mafuta. Na chache ni kusahau kubadilisha aina ya karatasi kwenye seting, nimeweka glosi yenyewe inadhani ni karatasi ya kawaida. Siku hizi nikitaka kuprinti A4 kwanza natoa kipande kidogo cha uso wa mtu kwenye karatasi ya 10 kwa 15, nikiridhika ndo naweka kubwa.

Ubaya wa tanki upo pia nisije nikaonekana nimelipwa. Kwenye hii yangu kichwa kimefungwa ndani moja kwa moja, kikiziba ukashindwa kukizibua bei ya kichwa inakaribia printa. Kwenye baadhi ya zile za katriji kichwa kiko kwenye katriji yenyewe, ukibadilisha katriji umepata kichwa kipya, ndo maana mtu anayeprinti mara moja kwa miezi mitatu simwambii akimbilie tanki. Huyo hata printa simwambii anunue. Aweke picha zake kwenye flashi apeleke studio, kwa picha 30 kwa mwaka hakuna printa ya nyumbani itakayomshinda mtu wa studio kwa bei, hata upige hesabu kichwa chini. Nilipiga kwa ile printa yangu ya kwanza, nikagawa kila kitu, printa, katriji, karatasi, kwa picha nilizobaki nazo mkononi, nikakuta kila moja imenigharimu karibu mara nne ya studio. Ya tanki kwa sasa bado iko juu ya studio kidogo ukihesabu na bei ya printa, nikifika kama picha 600 hivi tutakuwa sawa sawa.

Kwahiyo kila jumapili jioni naprinti, hata kama sina cha kuprinti. Picha moja yenye rangi zote, 10 kwa 15, basi. Mililita 0.2 na karatasi moja, rahisi kuliko usafi mmoja. Mama anapata picha mpya kila wiki, ameshaanza kulalamika albamu imejaa.

Ile ya kwanza sijaitupa. Sponji nilizitoa nikazifua, maji ya rangi yalitoka ndoo tatu, nimezianika juu ya kabati zina wiki ya pili hazijakauka. Zikikauka nitazirudisha, kuna kiprogramu cha kurudisha ile namba sifuri nimeambiwa, nikifanikiwa nampa mdogo wangu aprintie noti za chuo. Picha nimemkataza.