Uzoefu wangu Bellinzona: ngome tatu zilizojengwa kufunga bonde

Nimezuru miji kadhaa ya Uswisi iliyo milimani, na kama ningeulizwa ni upi unaostahili nauli ya mtu anayependa historia kuliko maduka, ningetaja Bellinzona bila kusita. Mji huu ni makao makuu ya jimbo la Ticino, kusini mwa milima ya Alpi, ambako watu huzungumza Kiitaliano, na sifa zake zinatokana na ngome tatu za zama za kati, yaani Castelgrande, Montebello na Sasso Corbaro, ambazo pamoja na kuta zake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Wageni wengi niliowaona huko walizitembelea kama majumba matatu mbalimbali ya kupigia picha. Kwa maoni yangu, anayefanya hivyo huondoka bila kuona kile kilichozifanya zijengwe, kwa sababu zilikusudiwa kuwa kizuizi kimoja cha kufunga bonde zima.

Jambo hili huanza kueleweka mapema kwa mgeni anayefika kwa njia ya zamani ya reli. Treni za haraka kutoka Zurich hupita katika handaki la Gotthard lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa kilomita 57, na humo ndani abiria haoni chochote zaidi ya giza. Njia ya zamani hupanda juu zaidi, hupenya mlima katika handaki la mwaka 1882 lenye urefu wa kilomita 15, kisha huteremka katika bonde la Leventina kwa kuzungukazunguka ndani ya miamba, hadi Giornico na Biasca. Mimi, mke wangu na mama mkwe tulichagua hiyo ya zamani, na ninawashauri wengine wafanye vivyo hivyo wakati wa kwenda na waiache ile ya haraka kwa ajili ya kurudi. Ukiteremka polepole namna ile, unajionea jinsi milima ilivyowaminya wasafiri wa zamani katika njia moja. Njia za kuvukia milima za Gotthard, Lukmanier na San Bernardino zote hukutana kaskazini mwa Bellinzona, na hapo mjini penyewe mwamba mkubwa umesimama katikati ya bonde, ukabakisha nafasi ndogo kati yake na mlima upande mmoja, na kati yake na mto Ticino upande wa pili. Aliyetaka kwenda Milan kutoka kaskazini, awe mfanyabiashara au askari, hakuwa na pengine pa kupita.

Juu ya mwamba huo ndipo ilipo Castelgrande, na hapo ndipo ninaposhauri mtu aanzie na akae muda mrefu zaidi. Mama mkwe ana maumivu ya magoti, nasi tulikuwa na wasiwasi wa kumpandisha, lakini kutoka uwanja wa Piazza del Sole kuna lifti iliyochimbwa ndani ya jiwe lenyewe. Unaingia katika ufa mrefu na mwembamba uliopasuliwa mwambani, unatembea hatua chache katika ubaridi, kisha lifti inakutoa juu, katikati ya uwanja mpana wa majani. Kazi hiyo ilifanywa na msanifu Aurelio Galfetti, aliyeikarabati ngome katika miaka ya 1980 na kuimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikata miti na vichaka vilivyoufunika mwamba ili jiwe na ukuta vionekane kuwa kitu kimoja. Wapo wanaolalamika kwamba mahali hapo pamekuwa patupu mno. Mimi naona alifanya jambo la busara, kwa kuwa ngome haikujengwa ili ipendeze ndani ya bustani, na mlinzi wa wakati ule asingekubali kichaka kimoja kimzibe macho.

Watu wameishi juu ya mwamba huo tangu zama za mawe, na Warumi walikuwa na ngome yao hapo katika karne ya 4. Hata hivyo, kuta anazoziona mgeni leo ni kazi ya watawala wa Milan wa karne ya 15 kwa sehemu kubwa, kwanza ukoo wa Visconti na baadaye ukoo wa Sforza. Minara miwili, Torre Bianca wenye mita 27 na Torre Nera wenye mita 28, huonekana kutoka kila upande wa mji. Lakini kilichonivutia kupita minara yote ni Murata, yaani ukuta ulioshuka kutoka Castelgrande hadi mtoni ili kuziba sehemu iliyobaki ya bonde. Ndani ya ukuta huo mna ushoroba mrefu wa mawe, na juu yake kuna njia ya walinzi, hivyo askari waliweza kupita kwa tabaka mbili bila kuonekana kutoka nje. Nilisimama kwenye mojawapo ya matundu yake, nikaweka kiganja kwenye kingo za jiwe lililochongwa kwa mkono, nikachungulia. Kutoka hapo niliona kipande cha bonde upande wa kaskazini, upande ambao adui alitarajiwa, na hapo ndipo ramani niliyokuwa nayo mfukoni ilipopata maana.

Ukuta huo haufiki tena mtoni. Mwaka 1513 mlima uliporomoka karibu na Biasca na kuziba bonde la Blenio, na maji yakajikusanya nyuma ya kifusi hadi yakawa ziwa. Mwaka 1515 kifusi kilipasuka, gharika ikateremka hadi Bellinzona, ikabomoa daraja na kuchukua sehemu ya Murata. Nilikaa pale penye mwisho wa ukuta kwa muda, nikiwafikiria wale waliokuwa wakilima kandokando ya mto huo.

Montebello iko upande wa pili wa mji, juu ya mteremko, na kuta zake zinaungana na kuta za mji chini yake. Ilianzishwa na ukoo wa Rusca mwishoni mwa karne ya 13, kisha watawala wa Milan wakaipanua. Kwa uzuri wa macho hii ndiyo inayozishinda nyingine, kwa sababu ina kuta zinazozungukana moja ndani ya nyingine, na juu ya kuta kuna meno yaliyopasuliwa katikati kama mkia wa mbayuwayu. Ndani yake mna makumbusho ya mambo ya kale yaliyofukuliwa katika eneo hilo. Tulinunua tiketi ya pamoja ya ngome zote tatu, na naona ndiyo inayofaa kwa mtu mwenye nia ya kuzimaliza.

Sasso Corbaro iko mbali na nyingine, kama mita 230 juu ya mji, na haikuungana kwa ukuta na yoyote kati ya hizo mbili. Sababu yake ni ya vita. Mwishoni mwa Desemba 1478 jeshi la Milan lilishindwa na Waswisi huko Giornico, mahali palepale treni ya zamani inapopita, na watawala wa Milan wakagundua kwamba upande wa mlimani ulikuwa na pengo. Mwaka 1479 wakaamuru ngome hii ijengwe kwa haraka, ikakamilika kwa takriban miezi sita, ingawa mhandisi aliyeianzisha, Benedetto Ferrini, alifariki kwa tauni kabla ya kuiona imekwisha. Umbo lake ni la mraba, halina mapambo, na mtu akijua ilijengwa kwa haraka kiasi gani hatalilaumu. Kutoka huko juu ngome nyingine mbili, mji, mto na bonde huonekana kwa mara moja, na kwa hiyo nashauri iachwe kuwa ya mwisho.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nikiwa huko juu niliikumbuka Fort Jesus kwa sababu ya kweli. Msanifu wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa mtu wa Milan, na Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, zaidi ya miaka mia moja baada ya Sasso Corbaro. Katika muda huo mizinga ilikuwa imebadilisha ujenzi wote wa ngome. Minara mirefu na membamba ya Bellinzona ingekuwa shabaha rahisi kwa mizinga mikubwa, na ndiyo maana kuta za Fort Jesus ni nene, na pembe zake zimetokeza nje ili kila upande ulinde mwenzake. Aliyekulia pwani yetu ana faida kubwa akizuru Bellinzona, kwa kuwa anaifahamu tayari sura ya pili ya ufundi huohuo.

Baada ya gharama zote hizo, mji wa Bellinzona haukutekwa kwa kuvunjwa kuta. Mwaka 1500 wenyeji wenyewe walijiweka chini ya Waswisi wa majimbo ya Uri, Schwyz na Nidwalden, na ngome zikapewa majina ya mabwana wapya. Jimbo la Ticino lilizaliwa mwaka 1803.

Kuhusu chakula, polenta ni ugali wa mahindi, na mama mkwe aliufurahia pamoja na uyoga. Waislamu wanapaswa kuuliza kabla ya kuagiza, kwani wali wa risotto kwa kawaida hupikwa kwa mvinyo na nyama nyingi zilizokaushwa ni za nguruwe. Katika mkahawa mmoja mhudumu alionekana kuchoshwa na maswali yetu, ila kwingine kote tulijibiwa kwa upole. Jumamosi asubuhi kuna soko katika mitaa ya mji wa kale, penye jibini, mikate na mboga, na ni siku nzuri ya kufika. Jumapili maduka mengi hufungwa, hivyo maji na vitafunio vya njiani vinunuliwe mapema. Njia ya miguu kutoka Montebello hadi Sasso Corbaro ni ya kupanda tu, na mwenye magoti mabovu atafute gari. Anayekuja na mtoto mchanga ajiandae kumbeba mgongoni, kwa sababu mawe na ngazi za huko juu hazifai kigari cha mtoto.