Kuchemsha vifaa au otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) kwenye kliniki ya kijijini?

Daktari wa familia anayeshona majeraha na kupasua majipu hawezi kulikwepa swali hili.

Kuchemsha ni rahisi: sufuria yenye mfuniko, dakika 20 tangu maji yatokote. Bakteria wengi na virusi, vikiwemo vya UKIMWI, hufa. Shida ni mbegu za bakteria, kama zile za pepopunda: zina gamba gumu na zinaweza kustahimili nyuzi 100. Tena kifaa hutoka kimelowa, bila kifungashio, na hapo hapo huanza kuchafuka.

Otoklevu hutumia mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Vifaa vilivyofungwa huhitaji muda zaidi, lakini hubaki salama kabatini. Utepe unaobandikwa kwenye vifurushi ukibadilika rangi (wengi husahau hili) haumaanishi kwamba mbegu zimekufa. Hilo huthibitishwa kwa kipimo cha mbegu zenyewe. Kukosa umeme nako si kisingizio, kwani zipo otoklevu ndogo za kuweka juu ya jiko.

Damu isiposuguliwa kwanza, njia zote mbili hushindwa.

Kwa chochote kinachokata ngozi, mimi nachagua otoklevu bila kusita. Kuchemsha kubaki kwa vifaa kama spekulamu (kifaa cha kupanulia uke), vinavyogusa utando laini wa ndani ya mwili tu.