Access ya faili mbili kwa duka la jumla Kariakoo: uzoefu wangu

Kwa duka la jumla lenye kompyuta 4 mpaka 6, Microsoft Access (programu ya kutunza data kwenye majedwali) bado inanitosha, ila si ile ya faili moja linalofunguliwa na watu wote. Ligawe. Nenda Database Tools, bonyeza Access Database: majedwali yanahamia faili la nyuma, lenye _be mwishoni mwa jina, fomu, kwiri (maswali ya kuchuja data) na ripoti zinabaki faili la mbele. La nyuma likae kwenye kompyuta moja yenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). La mbele kila keshia awe na nakala yake kwenye diski yake.

Unganisha kwa njia ya mtandao, mfano \\SEVA\Data, si kwa herufi kama Z:, maana kwenye kompyuta ya jirani Z: inaweza isiwepo kabisa. Na tumia waya. Wi-Fi ikikatika wakati mtu anahifadhi mauzo, faili la nyuma linaweza kuharibika.

Wengi wanakwama kwenye kubadili muundo. Tuseme unaongeza safu ya TIN (namba ya mlipakodi) kwenye jedwali la Wateja. Faili la mbele halitakubali. Lazima ufungue la nyuma lenyewe. Angalia folda kwanza: ukiona faili dogo la .laccdb, kuna mtu bado yumo, au kompyuta ilizima ghafla likabaki. Wote wakishatoka, weka nakala pembeni, kisha fungua kwa Open Exclusive, yaani wewe peke yako. TIN iwe Short Text ya herufi 11, kamwe isiwe namba: safu ya namba haipokei vistari vya 123-456-789, na sifuri ya mwanzo inapotea. Hifadhi, funga, rudi faili la mbele, fungua Linked Table Manager (orodha ya majedwali yaliyounganishwa), weka tiki kwenye Wateja, bonyeza Refresh.

Kubadili jina la safu iliyopo ndiko kunakouma. Kwiri za mbele hazijui kilichotokea. Keshia anafungua ripoti, kinaruka kisanduku cha Enter Parameter Value, anajaza chochote, na ripoti inatoka na takwimu za uongo. Bora uache jina la zamani lilivyo.

Ukomo wa faili ni GB 2. Compact and Repair (kubana na kukarabati faili) ya kila wiki inasaidia, lakini likiendelea kukua hamishia majedwali SQL Server Express (hifadhidata ya Microsoft ya kwenye seva) mapema. Huko kila jedwali liwe na ufunguo mkuu (primary key, safu inayotofautisha kila rekodi), la sivyo Access italisoma tu, kuandika haitakuruhusu.