Bahari isiyochemka: uzoefu wangu na onyesho la sayari ya kubuni
Miezi kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Moshi, kutazama onyesho la anga ndani ya kuba la turubai linalojazwa upepo. Kiingilio walilipa wazazi, ambao hawana fedha za kuchezea, na ndiyo maana ninaandika.

Msimulizi alitueleza kwamba sayari hiyo ya kubuni ina joto la nyuzi 30 na hewa hafifu kama ya Mirihi, yaani mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa duniani. Mara ikatokea bahari ya maji, imetulia kama mafuta. Mwanafunzi wangu mmoja akanyoosha mkono: "Mbona bahari hii haichemki?"

Lilikuwa swali bora kuliko onyesho zima. Tulikuwa tumejifunza, kwa mfano wa mlima tunaouona dirishani, kwamba kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 85. Kwa hewa hafifu kama ile ya Mirihi, maji ya nyuzi 30 yangetokota. Msimulizi akamjibu: "Binti, hii ni sayari ya kubuni, usituharibie onyesho." Wenzake wakacheka, naye akaketi, na hakuuliza tena.

Anayebuni sayari hapewi ruhusa ya kufuta kanuni. Angeweza kuongeza hewa ili bahari ibaki, au kuiondoa bahari na kuiacha hewa ilivyo. Angeweza hata kuiga Titan, mwezi wa Zohali, wenye hewa nzito kuliko yetu, ambako maziwa yapo kweli, ila ni ya methani, kwa kuwa baridi yake inakaribia nyuzi 180 chini ya sifuri.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia walimu wenzangu wasiende kabisa. Hata hivyo, sitasema uongo: machweo ya sayari ile yalikuwa ya buluu, kama yalivyo Mirihi, ambako vumbi laini hutawanya mwanga hivyo kando ya jua, na wanafunzi 40 walinyamaza wakatazama. Kwa mchoraji huyo ningelipa tena hata kesho. Na hapo ndipo hasira inaponirudia, kwa sababu ndani ya kundi la waandaaji wa onyesho lile yupo anayeijua hewa hafifu vizuri kiasi hicho, lakini hakupewa nafasi ya kumjibu mtoto.

Siku chache baadaye binti yule aliniletea karatasi. Kwa jedwali la kitabu alikuwa ameonyesha kwamba, ili maji ya nyuzi 30 yasichemke, hewa ya sayari ile ilihitaji mgandamizo wa zaidi ya asilimia 4 ya ule wa duniani. Karatasi hiyo ninayo. Waandaaji wakiomba kuja shuleni kwetu, sharti langu ni kwamba msimulizi aisome kwa sauti, mbele ya wanafunzi walewale, kabla taa hazijazimwa.