Deki ya kaseti ya mtumba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Deki za kaseti za zamani zimepanda bei, na wauzaji wanalijua hilo. Mnunuzi akiambiwa tu kwamba mashine ina hedi tatu (hedi ni kile kipande kinachogusa utepe ili kurekodi au kusoma sauti), anaingiza mkono mfukoni bila kuuliza hiyo ya tatu ina kazi gani. Kazi yake kubwa ni wakati wa kurekodi: hedi moja inarekodi, nyingine inasoma papo hapo, nawe unasikia kilichoingia kwenye utepe kabla kanda haijafika mwisho. Kwa mtu anayetaka kurekodi vizuri, hilo ni jambo kubwa. Ila wengi wanaoniuliza ununuzi huu wana sanduku la kanda nyumbani, za taarab, mawaidha, harusi ya wazazi, barua za sauti zilizotumwa kutoka Muscat au Dubai, na wanachotaka ni kuzisikiliza na kuzihamishia kwenye kompyuta zikiwa bado zinasikika. Nimezipanga deki hizi kwa ajili yao.

Kabla ya majina, kuna jambo moja ambalo ndilo linaloamua kila kitu. Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, waliipa utepe usiofika upana wa milimita 4, unaopita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo huo ni mdogo sana. Wimbi moja la mlio wa hezi 10,000 linapata nafasi isiyofika mikroni 5 kwenye utepe, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Hedi inausoma kupitia ufa mwembamba, na ufa huo lazima usimame kwa pembe ileile uliyosimama nayo ufa wa mashine iliyorekodi. Ukiinama kidogo tu, trebo, yaani sauti nyembamba za juu, inakufa: herufi "s" inamezwa, tari linasikika kama limefunikwa blanketi. Mwenye kanda anasema utepe umechoka, kumbe utepe ni mzima na hedi ndiyo imeinama. Mafundi huiita pembe hiyo azimathi.

Kanda za nyumbani zilirekodiwa kwa redio kaseti za kila namna, na kila redio ilikuwa na pembe yake. Kwa hiyo nunua deki ambayo skrubu ya azimathi unaifikia. Katika deki nyingi, kifuniko cha mbele cha mlango wa kaseti kinachomoka kwa kukivuta juu, na skrubu unaiona pembeni mwa hedi, mara nyingi ikiwa na springi chini yake au tone la rangi juu yake. Weka alama mahali ilipo sasa. Cheza kanda, weka amplifaya kwenye mono (kushoto na kulia zikichanganywa kuwa sauti moja), kisha geuza kwa bisibisi ndogo, taratibu sana. Utafika mahali sauti inafunguka ghafla na maneno ya mwimbaji yanasikika moja moja. Achia hapo. Kanda ikiisha, irudishe skrubu kwenye alama.

Sasa, namba moja yangu ni deki ya hedi mbili, ya kanda moja, ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990, kutoka Technics, Sony, Yamaha, Denon au Pioneer. Sitaji modeli moja kwa makusudi, kwa sababu hali ya mashine iliyo mbele yako ina uzito kuliko namba iliyoandikwa usoni pake. Deki hizi zilitengenezwa kwa wingi, ndani zina nafasi, na fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha belti na kusafisha swichi zilizoshika kutu. Kwa kusikiliza na kuhamisha kanda, zinatosha kabisa.

Namba mbili ni za hedi tatu zenye kapstani mbili, mfano Sony TC-K611S na Akai GX-75. Kapstani ni kile kijiti cha chuma kinachoukamata utepe kwa msaada wa gurudumu la mpira. Zikiwa mbili, moja kila upande wa hedi, utepe unashikwa sawasawa na sauti ndefu ya fidla haiyumbi. Akai wana jambo lao jingine: hedi za GX za ferraiti na kioo, ngumu mno, ambazo baada ya miaka mingi bado unazikuta laini bila mtaro. Kwa kitu cha mtumba hiyo ni faida kubwa. Angalizo ni kwamba gurudumu moja la mpira likichakaa kuliko jingine, mashine ya kapstani mbili inaweza kuutafuna utepe. Usiipe kanda ya pekee ya marehemu babu kabla hujaijaribu kwa kanda ya bei rahisi.

Namba tatu, Revox B215 ya mwaka 1985. Mota nne, kapstani zinazungushwa na mota moja kwa moja bila belti, fremu ya chuma iliyomiminwa, na kaseti inakaa wazi bila mlango, kwa hiyo hedi unazisafisha bila kufungua chochote. Naipenda kwa moyo wote. Iko namba tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu saketi zake zikiharibika unahitaji fundi anayezijua.

Nakamichi Dragon ya mwaka 1982 ndiyo inayotajwa kila mahali, na sifa zake ni za kweli: inasoma utepe yenyewe na kuirekebisha azimathi yenyewe wakati kanda inacheza. Ile kazi ya bisibisi niliyoieleza, Dragon inaifanya peke yake. Lakini umri umeifikia, ndani imejaa vitu vidogo vingi, na Dragon isiyofanyiwa matengenezo ni deni. Nunua ikiwa tu inakuja na maelezo ya nani aliitengeneza na alibadilisha nini. Ndugu yake, RX-505, inacheza upande wa pili yenyewe kwa njia ya kupendeza: kaseti inatoka nje, inageuzwa mzima mzima, inarudi ndani, na hedi haiguswi.

Ukitaka mpya ya dukani, ipo TEAC W-1200, yenye USB ya kupeleka sauti kwenye kompyuta. Mtambo wake ni wa kawaida, haufiki ule wa deki nzuri za zamani, ila una dhamana.

Za mwisho kabisa ni deki za kanda mbili zenye kujigeuza upande, hasa zile zilizokuja kama sehemu ya seti. Katika hizo mara nyingi hedi ndiyo inayozungushwa upande unapobadilika, na hedi inayozungushwa kila mara haikai kwenye pembe yake.

Na mwenye kutaka uzuri wa macho kwanza, atafute Yamaha TC-800GL iliyochorwa na Mario Bellini, Mwitaliano. Imelala kama kabari, vitufe vimejipanga kwenye mteremko. Inafaa kuwekwa sebuleni hata ikiwa imezimwa.

Kuhusu umeme, geuza mashine usome nyuma kabla hujaichomeka. Deki iliyouzwa ndani ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, nao umeme wetu ni 220 hadi 240. Kuichomeka hivihivi ni kuiunguza. Transfoma ya kushusha inasaidia, lakini deki za miaka ya 1970 zenye mota ya AC iliyopangiwa hezi 60 zitazunguka polepole kwenye hezi 50 zetu, na transfoma hairekebishi hilo.

Dukani nenda na kanda unayoijua vizuri. Cheza mwanzo, katikati na mwisho. Peleka mbele na kurudisha nyuma hadi mwisho, maana hapo ndipo belti legevu hujulikana. Sikiliza spika zote mbili. Angalia hedi kwa tochi, na upitishe ukucha juu yake: ukihisi mtaro, acha. Gurudumu la mpira likiwa linang'aa au limepasuka, bei ishuke.

Ukifika nyumbani, safisha hedi, kapstani na gurudumu kwa pamba na spiriti ya isopropili. Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, iache imezimwa kwa kanda zilizorekodiwa kwa redio kaseti, kwani nyingi ya redio hizo hazikuwa nayo, na ukiiwasha utaifinya sauti bure. Kanda za C120, za dakika 120, utepe wake una unene wa mikroni 9 tu, nusu ya ule wa C60, za dakika 60. Hizo zicheze kwa mwendo wa kawaida hadi mwisho, usizikimbize.